Kwa nini macho huifuata mashua bila kukatika, lakini hayawezi kuteleza juu ya maji matupu?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Lamu. Juzi jioni nilikuwa gatini na mpwa wangu. Nikamwambia aifuate kwa macho mashua iliyokuwa ikielekea Shela, na mimi nikawa namtazama machoni. Macho yaliteleza taratibu, bila kukatika hata kidogo. Mashua ilipopotea nikamwambia ayapitishe macho vilevile juu ya maji matupu. Yakaanza kurukaruka, na yeye akakana kabisa kwamba yanaruka! Tukabadilishana zamu, akaniambia hata yangu yanaruka. Ubongo unafanya nini hapo ambacho sisi hatuwezi kukifanya kwa kutaka tu? Na la pili: baba yangu, mvuvi aliyestaafu, miaka sabini na kitu, macho yake hukatikakatika hata anapoifuata mashua yenyewe. Huo ni uzee au ni ugonjwa?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwalimu. Mlichokiona ni sahihi, na hata mngefanya mazoezi mwezi mzima matokeo yangekuwa yaleyale. Mtu yeyote mwenye macho mazima akiambiwa ayatelezeshe macho polepole mahali pasipo na kitu kinachosogea, ataruka. Anadhani anateleza, lakini anaruka.

Jicho lina tatizo la kimaumbile. Utando wa nyuma ya jicho, yaani retina, hauoni kwa ukali uleule kila mahali. Kuna kishimo kidogo katikati, fovea, ambacho ndicho kinachotuwezesha kusoma na kutambua sura. Nyosha mkono wako utazame ukucha wa kidole gumba: eneo unaloliona kwa ukali wote kwa wakati mmoja halizidi sana ukubwa wa ukucha huo. Kila kilicho nje yake kina ukungu, ila hatujui kwa sababu macho hayatulii. Kwa hiyo kazi kubwa ya misuli sita inayozungusha kila jicho ni kukileta kitu tunachokitaka kwenye fovea, kisha kukiweka hapo.

Kukileta hufanywa kwa mruko. Mruko ni wa kasi sana: jicho linaweza kuzunguka mamia ya nyuzi (digrii za pembe) kwa sekunde, na shughuli nzima ikaisha katika sehemu ndogo ya sekunde. Wakati jicho linaruka, ubongo hupunguza usikivu wa kuona, ndiyo maana picha haituvurugikii. Mpwa wako hakudanganya alipokana. Jaribu kujitazama kwenye kioo ukihamisha macho kutoka jicho la kushoto kwenda la kulia: hutaona macho yako yakisogea hata siku moja, ingawa aliyesimama kando yako anayaona waziwazi.

Kukiweka hapo, ikiwa kitu chenyewe kinatembea, ni kazi ya mfumo mwingine, nao ndio ulioushuhudia wakati mashua inapita. Raymond Dodge, mwanasaikolojia wa Marekani, aliitenganisha misogeo hii katika maandishi yake ya mwaka 1903. Mfumo wa kufuata ni wa polepole na una mipaka. Hadi karibu nyuzi 30 kwa sekunde, jicho la kijana mzima huenda sambamba na kitu, au hubaki nyuma kidogo tu. Kasi ikizidi hapo linaanza kuachwa, na ubongo huchomeka miruko midogo ya kulipa deni. Ikikaribia nyuzi 100 kwa sekunde, kufuata kwa ulaini kunakuwa kumefika mwisho wa uwezo wake.

Hapa kuna hesabu unayoweza kuwapa wanafunzi wako. Mashua inayokwenda kilomita 10 kwa saa, ikiwa mita 100 kutoka gatini, inalidai jicho nyuzi zisizotimia 2 kwa sekunde. Hiyo ni kazi ya mtoto. Spidiboti ya kilomita 40 kwa saa ikipita mita 20 kutoka uliposimama inadai kama nyuzi 32. Sasa ingia kwenye kichochoro, ujibanze ukutani umpishe punda anayetembea taratibu zake, mita moja kwa sekunde, akupite kwa umbali wa mita moja. Anapokuwa mbele yako hasa, anadai kama nyuzi 57 kwa sekunde! Punda mvivu wa kichochoroni analishinda jicho kuliko spidiboti. Kinachohesabika ni pembe, mwendo wa ardhini peke yake hausemi kitu, na kwa punda yule utajikuta unageuza na kichwa.

Turudi kwenye kiini cha swali lako: mfumo huu unaendeshwa na nini? Mtu angedhani unaendeshwa na mahali kitu kilipo. Jicho linaona mashua imesogea kulia, nalo linasogea kulia. Mtafiti Cyril Rashbass alilijaribu wazo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1961, na kwangu jaribio lile bado ni miongoni mwa majaribio safi kabisa ya fani hii. Mtu anatazama nukta ya mwanga iliyotulia katikati. Ghafla nukta inaruka kidogo upande wa kushoto, na papo hapo inaanza kutembea kuelekea kulia. Kwa muda mfupi basi nukta iko kushoto lakini mwendo wake ni wa kulia. Jicho litakwenda wapi?

Linakwenda kulia. Linaanza kuteleza upande wa kulia wakati nukta yenyewe bado iko kushoto, yaani mwanzoni jicho linajitenga na kile linachokifuata! Na ukipima vizuri umbali wa ule mruko wa nukta, ili nukta irudi ikapite katikati baada ya kama sehemu ya tano ya sekunde, jicho halihitaji kuruka hata mara moja. Nukta inakuja kulikuta likiwa tayari njiani. Tafsiri yake ni kwamba mtelezo unalishwa na kasi na mwelekeo wa picha kwenye retina. Mahali kitu kilipo hushughulikiwa zaidi na mfumo wa miruko. Kwa hiyo mpwa wako alipotazama maji matupu hakuwa na kasi yoyote ya kuulisha mfumo wa kufuata. Kilichobaki mkononi mwake ni mahali: “nitazame pale, halafu pale.” Na mahali pakiitwa, anayeitika ni mruko.

Utasema maji si matupu, yana mawimbi. Kweli, lakini mawimbi yana mwendo wao, na huo sio uliomwagiza aufuate. Akichagua povu moja linalosukumwa na mkondo, macho yatateleza nalo bila shida.

Ndani ya kichwa safari ni ndefu lakini ya haraka. Habari hutoka kwenye retina hadi sehemu ya kuonea iliyo kisogoni, kisha huingia eneo liitwalo MT, pembeni ya ubongo, juu kidogo nyuma ya sikio. Seli za huko kila moja ina upande wake inaoupenda: hii huchachamaa kitu kikienda kulia, ile kikienda juu, nyingine kikienda kwa kasi fulani. William Newsome na wenzake walionyesha mwaka 1985, kwa nyani, kwamba kidonda kidogo katika eneo hilo kinaharibu mwanzo wa kufuata: jicho bado linaweza kurukia kitu kilichotulia vizuri tu, ila kitu kikitembea linakosea kasi yake. Na kwa binadamu kuna mgonjwa wa Ujerumani, anayetajwa vitabuni kwa herufi LM tu, ambaye Josef Zihl na wenzake walimweleza mwaka 1983. Maeneo haya yalipata madhara pande zote mbili za ubongo wake. Alipomimina chai aliiona imeganda hewani, na hakujua kikombe kimejaa lini. Rangi aliziona na vitu alivitambua, mwendo ndio uliompotea.

Kutoka MT habari huenda jirani yake, MST, na mbele kwenye sehemu ya macho ya paji la ubongo, ambayo nitaitaja tena. Kisha hushuka hadi shina la ubongo, sehemu ya daraja, ikaingia kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, serebelamu, na hatimaye ikafika kwenye vituo vya neva ya tatu, ya nne na ya sita zinazoivuta misuli. Serebelamu si kituo cha kupitia tu. Nyani aliyeondolewa serebelamu yote hupoteza kabisa uwezo wa kuteleza, japo bado anaruka. Tangu kitu kianze kutembea mpaka jicho lianze kuondoka ni kama milisekunde 100. Mruko wenyewe huchukua kama 200 kabla ya kuanza, kwa hiyo kwa kuondoka, yule wa polepole ndiye anayetangulia.

Sasa nifike penye fumbo, maana hapa ndipo ubongo unapoonyesha ufundi. Tumesema mtelezo unalishwa na mwendo wa picha kwenye retina. Lakini jicho likiifuata mashua barabara, picha ya mashua inatulia kwenye fovea. Haisogei. Chakula kimekwisha! Kama mfumo ungetegemea hicho peke yake, jicho lingefika sambamba na mashua, likasimama, likaachwa, likaanza tena, na lingetetemeka njia nzima. Ucheleweshaji wa milisekunde 100 ungezidisha balaa, kwa sababu kila sahihisho lingekuwa la kosa lililokwisha kupita.

Chukulia mashua mbili zinazokwenda bega kwa bega, tanga kwa tanga, kwa mwendo mmoja. Aliye kwenye hii akiitazama ile anaiona imesimama. Hata hivyo nahodha hasemi “kumbe tumesimama,” maana mkono wake uko kwenye usukani na anajua ni kiasi gani anakwenda. Ubongo hufanya hivyo hivyo. Kila unapotuma amri kwa misuli ya macho, nakala ya amri hiyo hubaki ndani, na kasi ya kitu huhesabiwa kwa kujumlisha: kasi ya jicho lenyewe, pamoja na utelezi mdogo uliobaki kwenye retina. Picha ikitulia kabisa, jumla inabaki ileile, na jicho linaendelea. Newsome, Robert Wurtz na Hidehiko Komatsu walizipata mwaka 1988 seli katika MST ambazo huendelea kuchachamaa hata nukta ikizimwa kwa kitambo kifupi, mradi jicho bado linafuata. Seli nyingi za MT zenyewe hunyamaza nukta ikizimwa.

Unaweza kuigusa nakala hiyo kwa mkono wako. Funga jicho moja, na lililo wazi lisukume kidogo sana kwa kidole, pembeni, juu ya kope. (Kidogo sana, tafadhali, na baba asifanye ikiwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho.) Dunia inasogea. Jicho limezunguka bila amri kutolewa, hakuna nakala, kwa hiyo ubongo unaamini dunia ndiyo iliyohama. Hermann von Helmholtz alilijadili jambo hili katika karne ya 19. Linganisha na mashua: unapoifuata, mikoko ya Manda iliyo nyuma yake inafagiliwa kwenye retina yako upande wa pili, nawe unaiona imetulia mahali pake. Karibu imetulia, niseme. Wilhelm Filehne alibaini mwaka 1922 kwamba ukiwa makini utaona mandhari ya nyuma yanasogea kidogo kinyume, kwa sababu hesabu ya kuutoa mwendo wa jicho kwenye mwendo wa picha haikamiliki.

Kuna zoezi zuri la gatini kwa mpwa wako. Subiri mashua itakayopita nyuma ya jahazi lililotia nanga. Mwambie aendelee kuifuata hata ikifichwa. Mtazame machoni: kwa kitambo yataendelea kuteleza, kasi yake ikipungua, na huenda yakaruka hadi upande itakakotokea. Maabara zimeonyesha kwamba mtu akijua kitu kitatokea lini, jicho huongeza kasi tena kabla hakijatokea. Hayo ni matunda ya ile hesabu ya ndani. Ila angalia: hesabu hiyo huendelezwa baada ya kuanzishwa na mwendo halisi. Kuianzisha kutoka sifuri kwa kufikiria tu ndiko kunakotushinda. Mkono wako mwenyewe una upendeleo: watu wengi wanaweza kukifuata kidole chao kwenye giza totoro, kwa ulaini kiasi, kwa kuwa ubongo unaujua mwendo wa mkono unaouamuru.

Je, irada haina kazi? Inayo, na hapo ndipo paji la ubongo linapoingia. Gatini vinasogea vitu vingi kwa pamoja: mashua hii kulia, ile kushoto, ndege, watoto wanaopiga mbizi. Vyote vinapeleka mwendo kwenye retina, lakini jicho linafuata kimoja. Irada huchagua, halafu hufungua mlango. Ukimpa mtu nukta iliyosimama na kuitikisa kidogo, macho hayaitiki sana. Itikise vilevile wakati tayari anaifuata, macho yanaitika kwa nguvu. Mlango ulikuwa wazi. Masaki Tanaka na Stephen Lisberger walichochea kwa umeme hafifu sehemu hiyo ya mbele kwa nyani, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba mwitikio ule ule wa kutikiswa uliongezeka, kana kwamba mnyama alikuwa tayari anafuata. Kwa hiyo unaweza kutaka kufuata, na unaweza kukataa. Usichoweza ni kujitengenezea kasi.

Kuhusu baba. Siwezi kumpima kwa maandishi, lakini naweza kukuambia ninavyofikiri mtu kama yeye akiketi mbele yangu.

Umri peke yake hupunguza kasi ya kufuata. Jicho la mzee linabaki nyuma ya kitu, kisha linaruka kukifikia, linabaki nyuma, linaruka. Ukiangalia unaona kukatikakatika. Hilo likiwa limekuja polepole kwa miaka, likiwa sawa kulia na kushoto, na mzee anatembea na kuzungumza kama kawaida yake, mimi sishtuki. Mpime mwenyewe, lakini kwa haki: mkalishe, shika kalamu nusu mita mbele ya uso wake, mwambie asigeuze kichwa, na uisogeze sentimita 10 tu kwa sekunde. Madaktari wengi, hata wenye nia nzuri, hupeperusha kidole kana kwamba wanafukuza nzi, kisha huandika kwamba macho yanaruka. Kwa kasi ile hata mimi ningeruka. Kupima juu na chini usikutilie maanani sana, maana hata vijana hufuata vizuri zaidi kwenda pande kuliko kwenda wima.

Cha pili ninachouliza ni dawa. Dawa za kutuliza na za usingizi kama diazepam, na za kifafa kama phenytoin na carbamazepine, huharibu mtelezo waziwazi. Pombe pia, polisi wa Marekani huangalia macho ya dereva yakifuata kalamu kwa sababu hiyo. Uchovu na kukosa usingizi vinachangia. Kisha namtazama jicho lenyewe: mvuvi aliyepigwa na jua la baharini maisha yake yote anaweza kuwa na mtoto wa jicho, na asichokiona vizuri hawezi kukifuata vizuri.

Ninachokitafuta kwa umakini ni tofauti ya pande. Macho yakiteleza vizuri kwenda kushoto lakini yakikatika kila yanapokwenda kulia, huenda kuna dosari mahali mahususi. Na hapa kuna jambo linalowachanganya wanafunzi wa udaktari: nusu ya kulia ya ubongo huongoza zaidi kufuata kuelekea kulia, upande huohuo wake, tofauti na mkono ambao huongozwa na upande wa pili. Mtu aliyepata kiharusi nyuma ya ubongo upande wa kulia anaweza kushindwa kufuata kwenda kulia huku mkono uliolegea ni wa kushoto. Ugonjwa wa Parkinson nao hupunguza kasi ya kufuata, lakini mara nyingi utakuwa umeshaona mkono unaotetemeka, hatua fupi au uso usiocheka. Ugonjwa wa serebelamu huja na kuyumba na ulimi mzito.

Kukatikakatika kukianza ghafla, au kukifuatana na kuona viwili, kizunguzungu kikali, kuyumba, mdomo kupinda au maneno kutotoka, usingoje kesho wala usiandike barua nyingine. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikibidi kukodi boti usiku.

Utakutana na watu mitandaoni wanaodai kwamba macho yanayokatika ni dalili ya maradhi ya akili. Chanzo cha maneno hayo ni cha kweli: Dodge na Allen Diefendorf waliripoti mwaka 1908 kwamba wagonjwa fulani wa akili hufuata vibaya, na Philip Holzman akalifufua jambo hilo mwaka 1973 kwa wagonjwa wa skizofrenia. Lakini ni tofauti inayoonekana ukilinganisha makundi, na wazima wengi hufuata vibaya pia. Hakuna daktari anayetambua maradhi hayo kwa kalamu. Na wanaouza mazoezi ya “kulainisha macho” kwa wazee, wabakie na bidhaa yao.

Basi mpime baba kwa kalamu mchana, akiwa amelala vizuri usiku, kulia na kushoto, mara chache chache kwa utulivu. Mrekodi kwa simu ukiikaribia sura yake, mwanga ukitokea mbele yake. Ukimpeleka kliniki, chukua video hiyo pamoja na pakiti za dawa zake zote, zikiwemo zile alizonunua dukani mwenyewe bila kuandikiwa.